Namna ya Kuandika Insha ya Ushujaa kwa Ushahidi wa Nukuu

Katika insha za ushujaa ninazosahihisha, nukuu nzuri huachwa peke yake mwishoni mwa aya, bila kuthibitisha lolote. Nitaonyesha njia ninayowafundisha wanafunzi wangu kwa mfano wa mwanariadha wa Tanzania, John Stephen Akhwari.

Hatua ya kwanza: andika hoja kabla ya kutafuta nukuu. "Akhwari alikuwa shujaa" ni sifa tupu, kwa kuwa haisemi ushujaa wenyewe ulikuwa katika jambo gani. Hoja inayoweza kutetewa ni hii: ushujaa wake ulikuwa kutimiza alichotumwa hata baada ya tumaini la ushindi kutoweka.

Hatua ya pili: tanguliza matendo. Katika marathoni ya Olimpiki iliyofanyika Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, mji ulio takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Akhwari alianguka na kuumia vibaya goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akiwa wa mwisho kati ya wanariadha 57 waliomaliza. Bila maelezo haya, maneno yatakayofuata yangeweza kusemwa na mtu yeyote aliyeketi kitini.

Hatua ya tatu: ingiza nukuu pamoja na swali lililoizaa. Kwa mfano: *Alipoulizwa kwa nini hakuacha mbio, Akhwari alijibu, "Nchi yangu haikunituma maili 5,000 kuja kuanza mbio, ilinituma maili 5,000 kuja kuzimaliza."* Swali hilo likiondolewa, msomaji hatajua kwamba kuacha kulikuwa njia iliyo wazi mbele yake, ambayo hakuna ambaye angemlaumu kwa kuifuata.

Hatua ya nne: ifafanue. Hapa ndipo insha hupata uzito, nami ningependa ufafanuzi uwe mrefu kuliko nukuu yenyewe. Onyesha kwamba Akhwari hataji maumivu yake wala hajisifu. Anajiweka katika nafasi ya mtu aliyetumwa, na umbali wa safari anaugeuza kuwa kipimo cha deni alilo nalo kwa waliomtuma. Kisha irudie hoja yako: mtu mwenye deni la namna hiyo hahesabu nafasi aliyoshika, anahesabu kama kazi imekamilika.

Hatua ya tano: usiidai nukuu zaidi ya inachobeba. Akhwari alisema maneno hayo baada ya mbio. Kwa hiyo yanathibitisha jinsi alivyolieleza tendo lake, wala hayathibitishi kila alichowaza barabarani. Andika "alieleza" au "alijibu", usiandike "aliwaza". Na kwa kuwa kauli hii husimuliwa kwa maneno yanayotofautiana kidogo, shika chanzo kimoja na uinakili kama ilivyo.