Farasi mlishe kidogo kidogo

Ukubwa wa farasi usikudanganye: tumbo lake ni dogo, hubeba lita 8 hadi 15 tu, na hawezi kutapika. Akishindiliwa nafaka kwa mkupuo mmoja anaweza kupata msokoto wa tumbo, na huo huua. Kwa hiyo majani kwanza, mabichi au makavu, yawepo karibu muda wote. Akiwa malishoni hutafuna hata saa 16 kwa siku. Nafaka ni nyongeza tu, igawe mara mbili tatu. Ukibadilisha chakula, nenda polepole, wiki nzima au zaidi. Maji safi asikose. Na unapompelekea ndoo usimtokee kwa nyuma, hapo haoni kabisa, msemeshe kwanza. Akilaza masikio nyuma, usimsogelee.