Mshahara, Kodi ya Pango na Kapu la Sokoni: Namna ya Kupiga Hesabu ya Maisha Poland Kabla ya Kuhamia

Mtu anayejiandaa kwenda Poland, awe mwanafunzi aliyepata nafasi ya chuo Lublin au fundi wa kuchomelea aliyepewa mkataba na kiwanda cha Wrocław, kwa kawaida huanza na maswali mawili: mshahara ni kiasi gani, na nyumba hupangishwa kwa bei gani. Maswali hayo ni ya msingi, lakini nchini humo kila moja lina majibu mawili, yaani kiasi kinachotangazwa na kiasi kinachoingia au kutoka mfukoni. Kwa maoni yangu, pengo lililopo kati ya viwango hivyo viwili huwayumbisha wageni katika miezi ya mwanzo kuliko hata baridi ya Januari. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuipata namba ya pili kabla ya kutia sahihi popote.

Tuanze na fedha yenyewe. Poland ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2004, lakini haitumii yuro. Fedha yake ni zloti, inayogawanyika katika groszy 100. Yuro moja hubadilishwa kwa zloti nne na kidogo, na dola moja ya Marekani kwa zloti tatu na nusu hadi nne. Maduka ya kubadilishia fedha huitwa "kantor", na ubao wake huwa na safu mbili: "skup" ni bei ambayo duka linanunulia fedha yako ya kigeni, na "sprzedaż" ni bei ambayo linakuuzia. Anayefika na dola atazame safu ya kwanza. Ukiwa uwanja wa ndege badilisha kiasi cha nauli tu, kwa sababu bei ya pale humuumiza mgeni. Kantor za mitaani mjini zina nafuu kubwa.

Mshahara unaotajwa na mshahara wa mkononi

Matangazo mengi ya kazi hutaja mshahara kabla ya makato, unaoitwa "brutto". Kima cha chini cha mwaka 2026 ni zloti 4,806 kwa mwezi kwa mwenye mkataba wa ajira wa muda wote. Kutoka kiasi hicho hukatwa asilimia 9.76 ya pensheni, 1.5 ya bima ya ulemavu na 2.45 ya bima ya ugonjwa. Kinachobaki hukatwa asilimia 9 ya bima ya afya, kisha hufuata kodi ya mapato, ambayo ni asilimia 12 kwa mapato yasiyozidi zloti 120,000 kwa mwaka. Mwisho wa hesabu hiyo mfanyakazi hupokea takribani zloti 3,600. Hata hizo 3,600 zina sharti lake: ni lazima uwe umemkabidhi mwajiri fomu ya PIT-2, inayomruhusu kukupunguzia kodi kila mwezi kwa kuwa zloti 30,000 za kwanza za mwaka hazitozwi. Usipoijaza, zloti 300 zaidi hukatwa kila mwezi, na utazipata mwaka unaofuata baada ya kuwasilisha marejesho ya kodi.

Aina ya mkataba ina uzito uleule wa kiwango cha mshahara. "Umowa o pracę" ni mkataba kamili wa ajira, wenye likizo ya malipo, malipo ya siku za ugonjwa na ulinzi dhidi ya kufukuzwa ovyo. "Umowa zlecenie" ni mkataba wa kufanya kazi fulani kwa saa, unaotumika sana katika migahawa, maghala na huduma za kusambaza chakula; kima chake cha chini kwa mwaka 2026 ni zloti 31.40 kwa saa. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 26 anayefanya kazi kwa mkataba huu hakatwi michango ya hifadhi ya jamii, na vijana wa umri huo wamesamehewa pia kodi kwa mapato yasiyozidi zloti 85,528 kwa mwaka, kwa hiyo kila saa humwingizia fedha zote zilizotajwa. Wanafunzi huifurahia hali hiyo, na wana haki ya kuifurahia, lakini wakumbuke kwamba mahali ambapo hakuna makato ya bima ya afya hakuna pia bima ya afya. Siku atakapovunjika mkono kwenye barafu, kazi hiyo haitamlipia hospitali. Atalazimika kuwa na bima yake mwenyewe, ama ya kampuni binafsi ama kwa kujiunga kwa hiari na mfuko wa taifa wa afya, unaojulikana kwa kifupi kama NFZ, na gharama hiyo iingie katika bajeti tangu siku ya kwanza.

Wanaoletwa na mawakala wa ajira wana jambo jingine la kuuliza: je, malazi hukatwa kwenye mshahara, na kwa kiasi gani? Jibu liwe kwa maandishi. Kitanda katika chumba cha watu wanne kinaweza kuonekana rahisi kwenye simu, lakini kikiongezwa usafiri wa kwenda kiwandani na ada ya sare, saa za kazi zinazobaki kuwa zako hupungua haraka.

Nyumba

Hapa ndipo penye mitego mingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua tangazo la mfano la nyumba ya chumba kimoja na jiko, inayoitwa "kawalerka", katika mtaa wa kawaida wa Warsaw: "2600 zł + czynsz 750 zł + media, kaucja 2600 zł". Mgeni husoma 2,600 na kuanza kufurahi. Hiyo 2,600 ni ya mwenye nyumba. "Czynsz" ni malipo ya uendeshaji wa jengo yanayokwenda kwa chama cha ushirika au umoja wa wamiliki: usafi wa ngazi, takataka, mfuko wa ukarabati, na mara nyingi malipo ya awali ya maji na joto. "Media" ni bili unazolipa kadiri unavyotumia, hasa umeme, gesi na intaneti. Kwa hiyo nyumba hiyo ni zloti 3,350 kabla hujawasha taa, na huenda ikafika 3,550 kwa mwezi. "Kaucja" ni amana, ambayo kwa desturi hulingana na kodi ya mwezi mmoja. Siku ya kukabidhiwa funguo utatakiwa kuwa na zloti 5,950, na ikiwa kuna dalali, ongeza ujira wake, ambao mara nyingi ni nusu ya kodi ya mwezi au mwezi mzima.

Malipo ya maji na joto yaliyomo katika czynsz ni ya makadirio. Mara moja au mbili kwa mwaka mita husomwa na hesabu hufungwa. Uliyetumia pungufu unarudishiwa, uliyezidisha unaletewa deni. Kabla ya kusaini, muulize mwenye nyumba hesabu ya mwaka uliopita ilifungwaje. Muulize pia nyumba inapashwa joto kwa njia gani. Majengo makubwa ya ghorofa ya miaka ya 1970 na 1980, yasiyopendeza kwa macho, kwa kawaida hupata joto kutoka mtandao wa jiji, na gharama yake ni ya kutabirika. Nyumba ya kizamani yenye dari refu katikati ya mji ina haiba yake, lakini ikiwa inatumia hita za umeme, bili ya Januari itakusahaulisha uzuri wa dari hilo.

Wenye nyumba wengi siku hizi hudai mkataba uitwao "najem okazjonalny". Katika mkataba huu mpangaji hutoa tamko mbele ya mthibitishaji wa sheria, yaani ofisa anayethibitisha nyaraka rasmi, kwamba atakubali kuondoka mkataba ukikoma, na hutaja anwani nyingine ndani ya nchi ambako angeweza kuhamia, pamoja na ridhaa ya mwenye anwani hiyo. Kwa mgeni asiye na ndugu Poland hili ni gumu. Liulizeni mapema, na mkubaliane nani atalipa ada ya mthibitishaji. Siku ya kuingia, andikeni orodha ya vitu vyote na hali yake, upige picha za mita za umeme, maji na gesi, na muweke sahihi nyote wawili. Kisheria amana hurudishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya nyumba kukabidhiwa, ikiwa imetolewa madeni halali, na orodha hiyo ndiyo itakayokutetea ubishi ukizuka.

Asiyehitaji nyumba nzima hukodi chumba katika nyumba ya kushirikiana. Warsaw chumba hupatikana kwa takribani zloti 1,500 hadi 2,000. Kraków, Wrocław na Gdańsk ziko karibu na hapo, wakati Lublin, Łódź au Białystok mtu anaweza kupata kwa 900 hadi 1,300. Anayepokea kima cha chini na kuishi peke yake katika kawalerka ya Warsaw hawezi kumaliza mwezi, na ni afadhali ajue hilo akiwa bado Mombasa au Mwanza.

Chakula na nguo

Mtu mmoja anayepika mwenyewe anaweza kula vizuri kwa zloti 800 hadi 1,100 kwa mwezi. Viazi, kabichi, karoti, vitunguu, tufaha, maziwa, mayai na kuku vina bei nafuu. Kinachopandisha bili ni kung'ang'ania jiko la nyumbani bila kubadilisha chochote. Unga mweupe wa mahindi huuzwa katika maduka machache ya bidhaa za Afrika kwenye miji mikubwa, kwa bei inayokatisha tamaa. Unga wa njano, "mąka kukurydziana", upo katika maduka mengi makubwa, na ugali wake unalika ukishazoea rangi. Sukuma wiki inafanana na "jarmuż", ambayo huuzwa kwenye pakiti kama mboga ya anasa, kwa hiyo wengi wetu tumehamia kwenye kabichi.

Dukani, jifunze kusoma kibao cha bei. Namba kubwa ya rangi mara nyingi ina sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake: ukinunua vipande viwili, au ukiwa na kadi ya duka. Pembeni kuna bei ya kilo moja au lita moja, na hiyo ndiyo ya kulinganishia. Tangu Januari 2023 duka linalotangaza punguzo hulazimika kuandika pia bei ya chini kabisa iliyotumika katika siku 30 zilizotangulia. Mara nyingine utaona kwamba "punguzo" ni bei ya wiki mbili zilizopita. Na tangu Oktoba 2025 chupa za plastiki na makopo ya vinywaji yenye alama maalumu hutozwa amana ya groszy 50, unayorudishiwa ukipeleka chupa tupu, basi usiikunje wala kuitupa. Jumapili maduka makubwa hufungwa, isipokuwa Jumapili nane tu kwa mwaka. Vibanda vidogo vinavyobaki wazi hukutoza kwa kutopanga kwako. Mchana ukiwa mjini, tafuta "bar mleczny", migahawa ya kawaida yenye ruzuku ya serikali ambako supu ya bitiruti na sahani ya "pierogi", yaani vipande vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa, hushibisha kwa bei ndogo.

Koti zito na buti usinunue Afrika Mashariki, kwa kuwa yatakuwa mepesi mno kwa baridi ya huko. Kila mji una maduka ya mitumba, na mengi huuza kwa kilo: siku mzigo mpya unapofika bei ya kilo huwa juu, halafu hushuka kila siku hadi mzigo mwingine uje. Nenda mapema kwa koti, kwani sufu nzuri haifiki siku ya mwisho. Kwa mashuka na sweta, subiri.

Usafiri hauna mengi. Tiketi ya mwezi ya Warsaw ni zloti mia moja na ushee, na wanafunzi hadi miaka 26 hulipa nusu; kwenye treni punguzo lao ni asilimia 51. Laini ya simu ni gharama ndogo. Malipo kwa njia ya simu hufanyika kwa BLIK, iliyomo ndani ya programu ya benki: hutoa namba ya tarakimu sita inayodumu dakika mbili, na aliyezoea M-Pesa ataielewa siku hiyohiyo.

Karatasi na gharama zake

Vyeti vyako vitahitaji kutafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa wa Poland, na ukurasa wake wa malipo ni herufi 1,125 pamoja na nafasi, kwa hiyo cheti cha ukurasa mmoja chenye maandishi mengi kinaweza kutozwa kama kurasa mbili au tatu. Kibali cha ukaazi, "karta pobytu", hushughulikiwa na ofisi ya mkoa na huweza kuchukua miezi mingi. Ombi lililowasilishwa kwa wakati na kwa utaratibu hukuwezesha kubaki Poland kihalali likishughulikiwa, lakini halikupi ruhusa ya kutoka na kurudi bila viza. Msiba ukitokea nyumbani katika kipindi hicho, gharama yake ni tiketi ya ndege pamoja na viza mpya na muda wa kuingojea. Mwenye wazazi wazee aliwaze hilo anapopanga tarehe ya kuwasilisha ombi.

Marejesho ya kodi huwasilishwa kati ya tarehe 15 Februari na 30 Aprili, kwa mtandao, na kwa mwajiriwa fomu huwa imejazwa tayari na mamlaka ya kodi. Kazi yako ni kuhakiki. Aliyefanya kazi miezi michache tu ya mwaka mara nyingi hudai, na fedha hulipwa ndani ya siku 45 kwenye akaunti ya benki, kwa hiyo anayeondoka nchini asiifunge akaunti hiyo hadi malipo yaingie.