Kumleta Antigone Kisumu: jinsi ya kuwasimulia vijana upya hadithi ya kale

Jaribio langu la kwanza lilikuwa Romeo na Juliet. Nilimweka kijana Kondele, binti Milimani, nikaongeza bodaboda na samaki wa Dunga, nikaridhika. Nikawasomea vijana ninaoandika nao Jumamosi. Msichana wa Kidato cha Tatu akauliza, "Tichaa, si angempigia tu simu?"

Hadithi ikafia papo hapo. Kwa Shakespeare, barua haifiki kwa sababu mtawa aliyetumwa amefungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Mimi nilihamisha mitaa, tauni nikaisahau.

Hatua ya 1: Tafuta kufuli

Kabla ya kuwaza mahali, jibu kwa sentensi moja: ni nini kinamzuia mhusika asifanye jambo la busara akaenda zake? Hilo ndilo naliita kufuli. Romeo wangu angepona kama ningempeleka shule ya bweni, ambako simu ni marufuku na bweni likiingiwa na surua hakuna anayetoka. Mengine yote ni mapambo.

Hatua ya 2: Chagua kazi ambayo kufuli lake tunalo

Nilihamia kwa Antigone wa Sophocles, tamthilia ya Ugiriki ya yapata mwaka 441 KK. Ndugu wawili wameuana wakigombea utawala wa Thebes. Creon, mtawala mpya, anamzika mmoja kwa heshima na kuamuru wa pili aachwe nje, chakula cha ndege na mbwa. Dada yao anakaidi, anamnyunyizia udongo.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini kaburi ni jambo la kufa na kupona. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuata kesi ya wapi azikwe wakili S.M. Otieno, mjane wake Wambui upande mmoja na ukoo wa Umira Kager upande wa pili. Mwili ulikaa miezi mitano kabla ya kuzikwa Nyalgunga, Siaya.

Suala la hakimiliki, kwa kifupi: sheria ya Kenya humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sophocles na Shakespeare ni huru. Wafasiri wao huenda si huru. *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Shakespeare, ni maneno ya Nyerere, aliyefariki 1999, kwa hiyo usiyanakili.

Hatua ya 3: Hamisha mamlaka, si majina

Hapa ndipo wengi huteleza. Creon ni mjomba wa Antigone. Ukimwacha mjomba, msomaji wa Nyakach atacheka: tangu lini ndugu ya mama akaamua nani azikwe katika boma la watu? Kwangu Creon akawa baba mdogo. Ndugu wawili waligombea shamba la marehemu baba yao. Aliyebaki nyumbani akazikwa kwa hema na ng'ombe. Yule aliyeleta wanunuzi, baba mdogo akasema hakanyagi boma hili hata akiwa maiti. Amebaki mochari ya mjini, bili ikipanda kila siku.

Hatua ya 4: Funga milango yote

Andika kila njia rahisi ya kutokea, kisha uizibe kwa kitu ambacho msomaji wako amewahi kukiona. Akinyi, Antigone wangu, ana miaka 17. Achukue mwili mwenyewe? Hana kitambulisho, sahihi yake si kitu. Achangishe? Michango inaingia kwenye laini ya baba mdogo. Aende kwa chifu? Chifu atauliza wazee wa ukoo wako wapi.

Kilichobaki ni kile alichofanya Antigone. Akinyi anachota udongo wa nyumbani, anautia kwenye pakiti tupu ya unga, anapanda matatu.

Mlinzi usimguse sana. Yule wa Sophocles ni mwoga mwenye maneno mengi, anasimulia walivyopiga kura nani apeleke habari mbaya kwa Creon. Mpe sare ya mochari na anatosha.

Hatua ya 5: Kwaya

Wazee wa Thebes wanaotoa maoni pembeni niliwafanya kikundi cha WhatsApp cha mazishi. Wanaandika "Amina", wanatuma picha za mishumaa, na hakuna anayempinga mweka hazina. Kijaluo kikiingia humo, kiache bila tafsiri.

Hatua ya 6: Mwisho

Antigone anafungiwa pangoni na anajinyonga. Kamba sikuileta. Naandikia watoto wa miaka 15, na kifo hicho kwao si ishara ya kishairi. Nilirudi kwenye kufuli. Creon anamwachia chakula kidogo pangoni ili damu isiwe mikononi mwake. Basi baba mdogo anamtoa Akinyi shuleni na kumpeleka Nakuru kwa shangazi, afanye kazi za nyumba. Chakula anapewa. Lango linafungwa.

Ukurasa wa mwisho jirani anampitishia simu dirishani, dakika mbili tu. Namba pekee aliyo nayo kichwani ni ya kaka yake.