Kutenganisha Taka Nyumbani: Namna ya Kuanza na Kuifanya Kazi ya Familia Nzima

Urejelezaji wa taka, yaani kuzigeuza ziwe kitu cha kutumika tena, huamuliwa jikoni, muda mrefu kabla ya gari la taka kufika mtaani. Chupa ya plastiki iliyolala siku tatu ndani ya kiroba kimoja na mabaki ya wali, maganda ya ndizi na shombo la samaki haivutii mnunuzi, na maganda yaliyochanganyika na betri na vipande vya kioo hayafai tena kurudishwa shambani. Kwa hiyo familia inayotaka kurejeleza isianze kwa kununua mapipa ya rangi mbalimbali. Ianze kwa kuzuia taka mbichi zisikutane na taka kavu. Ninaandika nikizifikiria nyumba za Dar es Salaam, ambako taka za kaya huishia katika dampo la Pugu Kinyamwezi au, zisipozolewa, ndani ya mitaro.

Faida ya kwanza iko karibu na mlango wa nyumba. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga mayai katika maji kidogo yaliyotuama kwenye makopo, vifuu na chupa zilizotupwa, na Dar es Salaam imekwisha kukumbwa na milipuko ya ugonjwa huo, ukiwamo ule wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, lakini chupa za maji na za soda bado zipo, na mvua za masika zinapofika ndizo zinazoziba mitaro na kuyarudisha maji uani. Zipo pia faida zinazovuka mtaa: kuyeyusha makopo ya alumini yaliyokwisha kutumika huokoa takribani asilimia 95 ya nishati ambayo ingehitajika kuzalisha alumini mpya kutoka kwenye madini, na chakula kisichopelekwa dampo hakipati nafasi ya kuoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kabonidioksaidi katika kipindi cha miaka 100.

Anzeni na taka mbichi, kwa sababu ndizo nyingi. Katika kaya zetu huzidi nusu ya uchafu wote. Wekeni ndoo ndogo yenye mfuniko palepale anapokaa anayemenya viazi, wala si nje ya mlango, maana hatua kumi za ziada hutosha kumfanya mtu atupe popote. Wenye kuku au mbuzi huwapa maganda na mabaki ambayo hayajaoza. Yanayosalia hutengenezwa mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza: chukueni ndoo ya lita 20 au pipa, litobolewe matundu chini na ubavuni ili hewa ipite, kisha mpange tabaka la majani makavu, machujo ya mbao au karatasi zilizochanwa, juu yake tabaka jembamba la taka mbichi, na kufunika tena kwa vikavu. Kwa kipimo cha macho, vikavu viwe mara mbili au tatu ya vibichi. Machicha ya nazi, majani ya chai na maganda ya matunda huoza vizuri; nyama, samaki na mafuta msiweke, kwa sababu huleta panya na mainzi, na makumbi ya nazi yatawachelewesha mno.

Geuzeni mchanganyiko huo mara moja kwa wiki. Ukinuka, maji yamezidi na hewa imepungua, hivyo ongezeni vikavu na mgeuze. Ukikaa bila kubadilika, nyunyizieni maji mpaka uwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Kwa joto la pwani, miezi miwili hadi mitatu kwa kawaida hutosha kupata udongo mweusi unaofaa kwa mchicha na matembele, hata yale yaliyooteshwa kwenye viroba.

Taka kavu hazihitaji kazi kubwa. Chupa za plastiki zisuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, zikaushwe na kuwekwa kwenye kiroba kimoja. Vizibo vitengwe, kwa kuwa plastiki yake si sawa na ya chupa. Makopo na vyuma chakavu viwe na kiroba chao, na karatasi zikae pasipo unyevu. Wanunuzi hupima kwa kilo, nao hulipa vizuri zaidi mzigo uliokwisha kuchambuliwa. Ulizeni kwanza mnunuzi wa mtaani kwenu anachukua nini, maana hakuna haja ya kujaza uani vitu visivyo na soko. Chupa za soda za kioo zirudi dukani kama zilivyo.

Betri, dawa zilizopitwa na muda, sindano na taa zenye zebaki zitengwe kabisa, mbali na watoto. Na plastiki isichomwe uani kwa hali yoyote, kwani moshi wake una sumu na wanaouvuta kwanza ni watoto wa nyumba hiyo.

Mazoea hujengwa kwa kugawana kazi. Si haki kazi yote kumwangukia mama au dada wa kazi huku wengine wakitupa ovyo. Kila mtu, baba akiwamo, awe na sehemu yake, na zamu zibadilike kila wiki. Mtoto mdogo anaweza kutenga vizibo, mkubwa akageuza mboji. Fedha ya mauzo, hata ikiwa ndogo, ihesabiwe mbele ya wote na watoto washirikishwe kuamua matumizi yake, kwa kuwa mtoto aliyeona kiroba chake kikigeuka daftari hahitaji kukumbushwa. Mtu akikosea kutupa, mwonyesheni mahali panapostahili bila kumgombeza.

Katika nyumba ya kupanga, ambako wapangaji hutumia uwanja mmoja, zungumzeni na mwenye nyumba na majirani kabla ya kuweka pipa la mboji, mkubaliane mahali penye kivuli na mbali na madirisha, na nani atageuza lini. Mkikosa makubaliano hayo, anzeni na viroba vya taka kavu peke yake, ambavyo vinaweza kukaa hata pembeni mwa chumba.