Umekatwa ada usiyoielewa benki? Dai hivi

Mwongozo huu ni wa wenye akaunti Tanzania. Nimefanya kazi dawati la wateja kwa muda mrefu, na hili nakuomba ulishike: mteja anayesema "mmenikata hela zangu" hupewa pole. Anayetaja tarehe, kiasi na kuuliza makato yametoka kifungu gani cha mkataba, huyo hupewa jibu.

Hatua ya 1: Chukua taarifa ya akaunti

Ujumbe wa salio hautoshi. Omba taarifa ya miezi sita, iwe tawini au kwenye programu ya simu, kisha zungushia kila mstari usioutambua. Vifupisho usivyovielewa, mwambie mhudumu akusomee kimoja kimoja.

Hatua ya 2: Jua umekatwa nini

Hapa ndipo penye kazi. Malalamiko mengi huja siku ya mshahara, au siku mteja anapoweka pesa baada ya kimya kirefu. Akaunti ilikaa tupu, ada ya mwezi ikawa inadaiwa chinichini, pesa ilipoingia tu mfumo ukakusanya deni lote. Kwenye taarifa utaona, kwa mfano, 2,000 imejirudia mara sita, tarehe ileile. Huo si wizi, lakini usikubali kabla hujahesabu. Ilikuwa miezi sita kweli, au mitano? Uliwahi kuomba akaunti ifungwe? Kama unayo barua ya kuifunga yenye mhuri wa benki, ada za baada ya tarehe hiyo zidai zote.

Tazama pia mistari midogo inayofuata ada. Tangu Julai 2016 ada za benki zinatozwa VAT, kwa hiyo ukidai ada urudishiwe, dai na kodi yake. Watu wengi wanaisahau.

ATM iliyokata pesa bila kutoa noti si suala la ada. Hilo ripoti siku hiyohiyo kama muamala ulioshindikana.

Hatua ya 3: Linganisha na jedwali la ada

Liombe tawini au litafute kwenye tovuti ya benki. Soma safu ya aina ya akaunti *yako*. Nimekutana na akaunti za akiba zilizosajiliwa kama za biashara tangu siku ya kufunguliwa, na mwenyewe akawa analipa ada isiyomhusu bila kujua.

Hatua ya 4: Andika barua

Maneno ya mdomo hayaachi alama. Barua fupi inatosha:

"Naomba kurejeshewa Sh 4,000 zilizokatwa kwenye akaunti yangu tarehe 27, pamoja na VAT yake. Jedwali lenu la ada halionyeshi makato haya kwa akaunti ya akiba. Kama yapo kwa mujibu wa mkataba, naomba nionyeshwe kifungu."

Ambatisha taarifa uliyoizungushia. Toa nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Dai namba ya malalamiko na uulize watakujibu lini, jibu hilo uliandike palepale kwenye nakala yako. Mtu wa dirishani usimfokee, hana mamlaka ya kurudisha ada. Omba kuonana na meneja wa tawi. Na yeyote atakayekupigia akitaka PIN ili "akurudishie makato" ni tapeli, kata simu.

Hatua ya 5: Nenda Benki Kuu

Muda ukipita kimya, au jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, kwenye dawati lake la malalamiko. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 ndizo msingi wako. Watakuuliza kwanza kama ulianzia kwenye benki yako, na nakala yenye mhuri ndiyo itakayokujibia. Shauri lililoko mahakamani hawalipokei, basi usikimbilie huko mapema.

Pesa ikirudi, hakikisha chanzo nacho kimeondolewa: aina ya akaunti irekebishwe, au huduma usiyoitaka ifutwe. Kisha chukua taarifa ya mwezi unaofuata uone kama makato yale yamekoma.