Vichaka vya mapambo kwa kiwanja cha Pwani: shimo kwanza, kitalu baadaye

Kitaluni kila kitu kimechanua. Miche iko chini ya neti ya kivuli, inamwagiliwa asubuhi na jioni, na muuzaji huweka mbele ile yenye maua. Ndiyo maana mtu hurudi nyumbani na miche kumi na miwili ya aina kumi na mbili, na mwaka ukiisha imebaki mitatu. Kosa halikuwa la miche. Alichagua ua kabla hajajua udongo wake ukoje na jua linapiga wapi.

Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Umeandikwa kwa viwanja vya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Wa nyanda za juu wana aya yao ndani.

Hatua ya 1: Chimba shimo la kupimia

Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30, pale pale unapotaka kupanda, si kwenye kona ambako jembe linaingia kirahisi. Jaza maji, yaache yanywee yote, kisha jaza tena. Mara hii ya pili chomeka kijiti, weka alama kwenye usawa wa maji, urudi baada ya saa moja.

Yakishuka sentimita 2 hadi 8, karibu kila kichaka kitakaa. Yasipofika hata sentimita 1, ni mfinyanzi, au chini kuna kifusi kilichoshindiliwa. Hapo panda juu ya tuta la sentimita 20 hadi 30, la sivyo mizizi itaoza masika. Na shimo likikauka kabla saa haijaisha, una mchanga kama wa Kigamboni: mbolea itazama na maji, kwa hiyo utaiweka kidogo kidogo na mara nyingi.

Usifukie shimo bado. Chukua kijiko cha udongo wake, ukaushe juani, umwagie siki nyeupe. Ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa. Unguja na Mombasa chokaa hutoka kwenye mwamba wa tumbawe ulio chini. Kwingineko mara nyingi ameiacha fundi: mita 1 ya kwanza kutoka kwenye msingi wa nyumba hujaa mabaki ya zege na lipu, hata kama kiwanja kizima kina udongo mzuri. Pima hapo peke yake.

Chokaa hukifunga chuma kwenye udongo, mizizi isiweze kukichukua. Dalili iko kwenye majani machanga, yale ya nchani: yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kama mchoro wa wavu. Usichanganye na njaa ya naitrojeni, ambayo huanzia majani ya zamani ya chini, na jani lote hufifia. Wengi wakiona manjano hukimbilia yurea. Kwenye udongo wa chokaa yurea haitatibu kitu, kwa sababu chuma kitabaki kimefungwa vile vile.

Hatua ya 2: Hesabu jua

Siku moja isiyo na mawingu, tazama mahali hapo saa 2 asubuhi, saa 4, saa 6 mchana, saa 8 na saa 10 jioni. Kila ukikuta jua, hesabu saa mbili. Jumla ya saa 6 au zaidi ni jua kamili. 3 hadi 5 ni nusu kivuli. Chini ya hapo ni kivuli.

Jambo linalosahaulika ni kwamba huku kwetu jua huhama upande. Dar es Salaam mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, na ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita 1 upande wa kusini. Desemba jua limehamia kusini, na ukuta ule ule hutupa kivuli cha kama sentimita 60 upande wa kaskazini. Kwa hiyo bogenvilia iliyobanwa kusini mwa ukuta itachanua Januari na kususa Julai, na mwenye nyumba atailaumu mbolea.

Hatua ya 3: Pima nafasi ya kichaka kikiwa kikubwa

Chukua upana wa kichaka kilichokomaa, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 30. Huo ndio umbali wa shina kutoka ukutani. Haibiskasi hufika upana wa mita 2, basi shina lake likae mita 1.3 kutoka ukutani. Iksora fupi, isiyozidi mita 1, inatosheka na sentimita 80. Mche wa sentimita 40 uliopandwa mbali hivyo huonekana mpweke, na watu hawavumilii: wanausogeza ukutani, halafu kila mwezi wanaukata ubavu, na kwa kuukata hivyo wanaondoa machipukizi ambayo yangetoa maua.

Ukitaka ua wa uzio, hesabu ni nyingine: sentimita 40 hadi 50 kati ya mche na mche, maana hapo unataka vishikane. Ua wa mita 10 kwa nafasi ya sentimita 50 unahitaji miche 21. Nunua 24, ili ya kuziba pengo iwe na umri sawa na wenzake.

Kwenye chemba na bomba la maji taka, acha mita 3 kwa vichaka vikubwa.

Hatua ya 4: Ondoa vyenye sumu kabla hujavipenda

Kama kuna watoto wanaotambaa, mbuzi au mbwa, futa oleanda kwenye orodha. Kila sehemu yake ina sumu ya moyo, na matawi yake hayachomwi moto kwa sababu hata moshi unadhuru. Ndugu yake thevetia, mwenye maua ya manjano kama kengele, yuko hivyo hivyo. Duranta huzaa vitunda vya rangi ya chungwa vinavyomvutia mtoto, navyo ni sumu. Ukiifyeka kila baada ya wiki 6 hivi haifiki kuzaa. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni ni hospitali, basi usiupande kwenye njia ya kupita. Lantana ni sumu kwa mifugo, na ndege huisambaza mpaka shamba la jirani. Maua mazuri, lakini tuiache.

Hatua ya 5: Sasa chagua

Jua kamili, udongo mkavu au wa chokaa: bogenvilia haina mpinzani. Kinachoitwa ua ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe katikati. Huchanua ikiwa na kiu kidogo. Ukiimwagilia kila siku na kuilisha samadi utapata majani, miiba na hasira. Mhina nao husimama hapa bila taabu: unavumilia joto, unakubali kufyekwa kuwa ua wa uzio, maua yake madogo yananukia, na majani yana kazi harusi ikija.

Jua kamili na maji ya uhakika: haibiskasi. Ua lake moja huishi siku moja tu, kwa hiyo uzuri wake unategemea machipukizi mapya yasiyokatika. Vitumba vikidondoka kabla ya kufunguka, mara nyingi ni kwa sababu umeruka siku za maji kisha ukamwaga ndoo mbili kwa pupa. Ndicho kichaka kinachopendwa mno na vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza utomvu.

Iksora ichague tu kama siki haikutoa povu. Ukiitaka kwa nguvu kwenye tumbawe, ipande kwenye chungu cha lita 20 au zaidi.

Nusu kivuli: plambago ya samawati hukaa vizuri, ingawa maua hupungua. Krotoni zinaishi, ila rangi ni suala la mwanga. Nyekundu na manjano hurudi kijani kivulini. Yasmini iwekwe karibu na dirisha au baraza, mahali inapopata jua la asubuhi kwa muda wa angalau saa nne. Kuipanda nyuma ya banda ni kupoteza harufu.

Mbele ya bahari ambako kusi inapiga na chumvi yake, weka bogenvilia au waridi la jangwani, na haibiskasi ijifiche nyuma yao. Waridi la jangwani pia lina utomvu wa sumu, uliotumika kupaka mishale, kwa hiyo vaa glavu unapolikata.

Nyanda za juu kama Lushoto, Arusha, Mbeya au Nairobi, orodha inageuka. Haidrenja, ambayo Dar hunyauka kwa joto, huko hustawi kwenye nusu kivuli, na rangi yake hukuambia udongo: samawati kwenye tindikali, waridi kwenye chokaa. Kwa uzio wa miiba Nairobi wana kayaba, na hakuna mwizi anayeipenda.

Kwa bustani ya mbele ya mita 4 kwa 6, aina tatu zinatosha, kila moja miche mitatu au mitano pamoja. Kichaka kimoja kimoja cha kila aina hufanya bustani ionekane kama kitalu kingine.

Hatua ya 6: Kitaluni

Usianze na ua, anza na kiriba, yaani kifuko cha plastiki chenye mche. Kinyanyue. Kikigoma, mizizi imetoboa chini na kushika ardhi. Muuzaji ataing'oa kwa nguvu, na mche utanyauka wiki hiyo hiyo kwa kupoteza mizizi inayonywa maji. Shika shina, livute polepole kwenda juu: udongo ukiachia, mche umehamishiwa kwenye kiriba juzi na bado haujashika. Ukinyanyuka na udongo wake wote, ni mzuri.

Geuza majani matatu ya nchani. Utando mweupe kama pamba kwenye kikonyo cha jani ni vidung'ata, urudishe. Mwisho chunguza uso wa udongo. Nyasi ndogo zenye shina la pembe tatu ni ndago. Punje moja ya ndago ikiingia bustanini utaipalilia miaka, kwa hiyo acha mche huo hata ukipewa bure.

Kati ya mche mrefu wenye ua moja na mfupi wenye matawi manne yanayoanzia chini, chukua mfupi.

Hatua ya 7: Kupanda

Panda mvua za masika zinapoanza, au vuli kama una maji ya kuongezea. Shimo liwe na upana mara mbili ya kiriba, kina kiwe sawa na kiriba. Ukizidisha kina, shina litafukiwa na kuoza shingoni. Changanya ndoo 3 za udongo na ndoo 1 ya samadi iliyooza, isiyo na joto ukiingiza mkono. Chana kiriba kwa wembe badala ya kukikung'uta, hasa kwa bogenvilia, ambayo mizizi yake hukatika kama tambi. Mwagilia lita 10 papo hapo, kisha lita 5 kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, yasiguse shina.

Majani yakipukutika wiki ya pili, usiung'oe. Kwangua gome kwa ukucha karibu na chini: kukiwa kijani, endelea kumwagilia kwa kiasi kile kile na usiweke mbolea yoyote mpaka uone chipukizi.