Soma namba za Beetle yako kabla hujaagiza kipuri

Juzi nilimsaidia rafiki kutafuta madigadi ya Volkswagen Beetle yake, nikakuta anaelekea kulekule nilikotumbukia mimi.

1. Namba ya chesisi. Inua kiti cha nyuma. Imegongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Msasa weka mbali kabisa! Bandika karatasi juu yake, pitisha penseli kwa ubavu, tarakimu zitajitokeza zenyewe. Picha ya simu siiamini: kutu ikishaingia, 3 na 8 ni mapacha.

2. Mwaka. Tangu modeli ya 1965 namba ina tarakimu 9 (kumi kuanzia modeli ya 1970). Mbili za kwanza, 11, ni Beetle ya saluni. Ya tatu ni mwaka. Kwa hiyo 118 ni modeli ya 1968. Ila modeli mpya ilianza kila Agosti, kwa hiyo gari la Septemba 1967 ni modeli ya 1968. Kadi ya gari langu ilisema 1967, nami nikaagiza madigadi ya 1967. Kumbe Agosti ile Beetle za 1300 na 1500 (ukubwa wa injini kwa cc) zilibadilishwa: taa za mbele zikasimama wima, bampa zikapanda, mfuniko wa tangi ukatokea nje ubavuni. Boliti ziliingia zote, ndiyo maana sikushtuka mpaka niliposhika taa, nikakuta tundu lake kwenye digadi limelala. Na hata ukisoma 118, tazama taa kwa macho yako: namba iko kwenye sakafu, na bodi imefungwa juu yake kwa boliti tu. Mtu anaweza kuwa alibandika bodi ya gari jingine.

3. Injini. Namba iko chini ya jenereta. D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500. Injini hubadilishwa, usiitumie kujua umri wa gari.

4. Kipuri. Chukua 111 821 021: tatu za mwanzo ni gari, 8 ni bodi, 021 ni digadi la mbele kushoto; la kulia ni 022. Kushoto ni kwa aliyekaa ndani akitazama mbele. Herufi ya mwishoni, ikiwepo, ni toleo. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu", mwombe akusomee herufi.

5. Cheti. Makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg hutoa cheti cha kuzaliwa kwa namba ya chesisi, chenye tarehe na rangi ya kiwandani. Mimi nilikiomba madigadi yakiwa yameshafika.